Kujifunza poka vitabuni: hesabu kwanza, sura ya mezani baadaye

Mtu aliyezoea karata za barazani hujiona ameijua poka siku anapoelezwa ngazi za ushindi, kwamba jozi mbili hushindwa na karata tatu za thamani moja, na tatu hizo hushindwa na mfululizo wa tano. Ngazi hizo hujifunzwa kwa nusu saa. Kinachobaki, ambacho ndicho mchezo wenyewe, ni kujua wakati wa kulipa dau, yaani kuweka kiasi kilekile alichoweka mwenzako, wakati wa kuliongeza na wakati wa kutupa karata, na pia kujua wenzako wanakuchukuliaje kila unapofanya moja ya hayo. Mambo haya ni magumu kuyapata kwa kukaa mezani peke yake, kwa sababu meza inaweza kumlipa mtu leo kwa kosa na kumwadhibu kesho kwa uamuzi uliokuwa sahihi. Ndiyo maana nchini Marekani, ambako mchezo ulikulia, wachezaji hodari wameandika vitabu vingi vya kuufundisha. Maelezo yanayofuata yanahusu aina iliyoenea zaidi, ile ya Texas, ambamo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri na karata tano hufunuliwa mezani kwa matumizi ya wote: tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mkono ni karata ulizo nazo, na pia mzunguko mmoja wa mchezo. Kuweka dau ukiwa na mkono mbovu ili mwenzako mwenye mkono bora aogope na kutupa, kutaitwa kuzuga. Kuacha zamu ipite bila kuweka kitu ni kupisha. Chipu (vidude vinavyotumika badala ya fedha) au fedha zilizokusanyika katikati ni fungu. Sura ya mezani ni ile picha ambayo wenzako wamejichorea kichwani kuhusu namna unavyocheza, nayo inaweza kuwa mbali kabisa na unavyocheza kweli. Kama umekifungua kitabu cha poka ukitumaini kwamba jina la mchezo limetokana na kitenzi chetu cha kupoka, yaani kunyang'anya, utavunjika moyo mapema, maana kurasa nyingi ni za kugawanya na kuzidisha.

Usinunue rafu nzima. Vitabu viwili au vitatu vinamtosha mtu kwa mwaka, na cha kwanza kiwe cha mantiki. David Sklansky alichapisha The Theory of Poker mwaka 1987, na wazo lake kuu ni rahisi kulieleza lakini gumu kulitimiza: kila unapocheza tofauti na ambavyo ungecheza kama ungeziona karata za mwenzako, yeye anafaidika, na kila yeye anapocheza tofauti na ambavyo angecheza kama angeziona zako, faida ni yako. Usiishie kulikariri wazo hilo. Mtafute mwenzako mmoja, chezeni mkono mzima kwa siri, kisha funueni karata zote na mrudi nyuma hatua kwa hatua, kila mmoja akieleza angefanya nini kama angejua. Kwa mikono kumi ya namna hiyo utagundua kwamba makosa yako mengi ni ya kulipa dau kwa sababu ya udadisi tu, ukitaka kuona mwenzako ana nini.

Jambo la pili ni kusoma ukiwa na karata halisi pembeni. Kitabu kitakuambia kwamba jozi ya ree inaweza kupatikana kwa njia 6, na ree pamoja na mfalme kwa njia 16. Ukiisoma sentensi hiyo na kupita, kesho utakuwa umeisahau. Sasa ziweke ree nne mkekani, kopa, shupaza, uru na pau, uzipange mbilimbili hadi uzihesabu zote sita kwa macho yako. Kisha panga kila ree na kila mfalme. Ukishamaliza, chukua ree ya shupaza uifanye kuwa yako, na uhesabu upya: jozi za ree ambazo mwenzako anaweza kuwa nazo zimeshuka kutoka 6 hadi 3, na ree na mfalme kutoka 16 hadi 12. Karata moja tu mkononi mwako imepunguza kwa nusu uwezekano wa kile unachokiogopa zaidi. Kuanzia hapo utaacha kujiuliza kama mwenzako anayo ree, na utaanza kujiuliza anaweza kuwa na mikono mingapi ya aina hii dhidi ya mingapi ya aina ile.

Hesabu nyingine isiyokwepeka ni ya bei. Tuseme una kopa mbili mkononi, na kati ya karata tatu zilizofunuliwa mezani mbili ni kopa; ikitokea kopa ya tano una mkono mzito. Kopa zote ni 13, umeziona 4, zimebaki 9 kati ya karata 47 usizoziona, kwa hiyo uwezekano wa kopa kutokea katika karata inayofuata ni takriban asilimia 19. Ikiwa utaziona karata zote mbili zilizobaki, uwezekano unafika kama asilimia 35. Njia ya mkato inayofundishwa na wengi ni kuzidisha idadi ya karata zinazokufaa kwa 2 kama inakuja moja, na kwa 4 kama zinakuja mbili. Sasa fungu lina 60 na mwenzako ameweka 30. Unatakiwa kulipa 30 ili kugombea jumla ya 120, yaani robo, asilimia 25. Kwa karata moja peke yake bei hiyo ni ghali, isipokuwa una sababu ya kuamini kwamba kopa ikitokea atakulipa tena. Sababu hiyo inategemea anavyokuona, na hapo ndipo hesabu inapokutana na sura ya mezani.

Kuhusu sura, vitabu havikubaliani, na msomaji asiyelijua hilo atachanganyikiwa. Kila mwandishi aliandika akiwa na wapinzani fulani akilini. Doyle Brunson, bingwa wa dunia wa mwaka 1976 na 1977, alitoa Super/System mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, na katika sehemu yake anafundisha ukali: shambulia mafungu madogo bila kuchoka, ili siku utakapokuwa na mkono mzito wenzako wasikuamini na wakulipe. Mike Caro, aliyechangia sehemu katika kitabu hichohicho, alijijengea sura ya mtu wa vituko na mkono wazi kwa kusudi hilohilo la kulipwa. Dan Harrington, bingwa wa mwaka 1995, ambaye juzuu yake ya kwanza juu ya mashindano ilitoka mwaka 2004 akishirikiana na Bill Robertie, alijulikana kwa uangalifu, ingawa kwa kinaya jina lake la utani lilikuwa la mtu wa kucheza mikono mingi. Mwenye sura ya mkono wa birika huaminiwa anapoweka dau, hivyo huweza kuzuga kwa nafuu. Mwenye sura ya mkono wazi haaminiwi, hivyo hulipwa anapokuwa na mkono mzuri. Chagua moja kulingana na tabia yako. Mtu anayejaribu kulipwa kama wa pili huku akizuga kama wa kwanza hukosa yote mawili.

Vilevile, tofautisha somo na hadithi. Brunson alishinda mkono wa mwisho wa ubingwa katika miaka yote miwili akiwa na karata ya kumi pamoja na ya mbili, na hadi leo karata hizo huitwa kwa jina lake. Ni hadithi nzuri, lakini kumi pamoja na mbili ni mkono mbovu wa kuanza nao, na mwenyewe hakuandika kwamba uucheze.

Nitaeleza jinsi nilivyojifunza kosa kubwa la wasomaji wa vitabu hivi. Tulikuwa sita sebuleni kwa mwenzetu, tukicheza kwa kunde, kila mmoja kunde 200. Nilikuwa nimemaliza kusoma namna ya kujenga sura ya ubahili, nikaitekeleza kwa uaminifu: kwa saa moja na nusu nilitupa karibu kila nilichogawiwa, nikabaki na kunde 178. Kisha nikapata saba na sita za shupaza nikiwa wa mwisho kwenye zamu. Jamaa mmoja aliweka 6, nikaongeza hadi 18, wengine wakatupa, yeye akalipa. Pamoja na madau ya lazima ya 1 na 2, ambayo wachezaji wawili huyaweka kabla ya kuona karata, fungu likawa 39. Zikafunuliwa ree ya kopa, tisa ya pau na nne ya uru. Akapisha, nikaweka 20, akalipa. Ya nne ilikuwa mbili ya kopa. Akapisha, nikaweka 50, akalipa. Fungu lilikuwa 179 ilipotoka ya tano, mfalme wa uru. Akapisha tena, nami nikasukuma 90 zote zilizobaki. Kwa hesabu, uzugaji ule ulihitaji kufaulu takriban mara moja tu kati ya tatu ili usiwe na hasara, na mtu anayejua kwamba sikuongeza dau tangu jioni angetupa jozi ndogo mara nyingi zaidi ya hapo. Alilipa huku macho yake yakiwa kwenye televisheni. Alikuwa na tisa na nane. Nilipomuuliza kama hakuona nilivyokaa kimya muda wote ule, akanijibu, "Kaka, mimi nilikuwa naangalia mpira."

Sura ya mezani haimo ndani yako. Imo katika kichwa cha anayekutazama, na asiyekutazama hana picha yako yoyote. Kwa hiyo kabla hujatumia neno lolote la kitabu kuhusu sura, jiulize nani hasa anafuatilia mchezo hata asipokuwa na karata. Dhidi ya asiyefuatilia, usizuge kabisa: weka dau ukiwa na mkono mzuri, na uweke kubwa, kwa kuwa atalipa. Kwa anayefuatilia, jiulize ameona nini. Karata unazozitupa kimyakimya humjengea picha polepole sana, lakini mkono mmoja uliofunuliwa mwishoni hubaki kichwani mwake usiku mzima.

Ndiyo maana naona kosa langu la pili usiku ule lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Mkono ule wa aibu ulipofunuliwa wote waliuona, hata wa mpira, na walicheka vya kutosha. Nikaongezewa kunde nyingine 200, na badala ya kuitumia sura mpya niliyokwisha kuinunua kwa bei ghali, nilirudi kuwa mbahili, nikaweka madau madogo hata nilipopata jozi ya wafalme, kana kwamba naomba radhi. Nilipaswa kufanya kinyume: kuacha kuzuga kwa muda uliobaki, na kuongeza ukubwa wa dau kila nilipokuwa na mkono wa kweli, kwa kuwa wenzangu watano waliamini kwamba mimi ni mzugaji.

Vitabu vya kusoma nyuso na mikono, mfano kile cha Caro cha mwaka 1984 chenye picha nyingi, viache viwe vya mwisho. Fundisho lake linalojulikana zaidi, kwamba anayejifanya dhaifu kwa kawaida ana nguvu, lina manufaa, lakini anayeanza hulitumia kuhalalisha malipo aliyokwisha kuyatamani. Anza na mwili wako: weka chipu kwa mwendo uleule, kwa muda uleule, ukiwa na ree mbili au ukiwa na takataka. Januari 2017 programu iitwayo Libratus, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika mikono 120,000 bila kumtazama mtu usoni, na kila usiku kazi yake ilikuwa kuziba mianya katika uchezaji wake yenyewe ambayo wapinzani walikuwa wameigundua mchana. Vitabu vya karibuni vimeathiriwa sana na programu za namna hiyo na vimejaa majedwali. Visome baada ya kuzoea hesabu za bei, si kabla.

Kunde zinafaa kwa mazoezi, na kwa wengi, kwa sababu za dini au za mfuko, ndizo zitakazobaki kuwa fedha ya mchezo. Zina upungufu mmoja: hakuna anayeogopa kuzipoteza, na pasipo woga kuzuga hakufundishiki. Sisi tulilitatua kwa kuamua kwamba anayeishiwa kunde anaosha vyombo vya chakula cha usiku na haongezewi. Wiki iliyofuata watu walianza kutupa karata.

Mwisho, weka daftari, na usiandike ulichoshinda au kupoteza. Chagua mikono miwili kwa kila kikao, andika karata, ukubwa wa fungu, dau, na sababu yako kabla ya matokeo. Kisha mfuate mmoja wa wenzako, umuulize alidhani una nini, na uandike jibu lake kama alivyolisema, bila kumwambia ulichokuwa nacho. Katika ukurasa wangu wa usiku ule wa kunde, mbele ya swali hilo, majibu matano yanasomeka hivi: wawili walidhani nina ree, mmoja alikuwa jikoni hadi karata zilipofunuliwa, mmoja hakumbuki, na wa tano aliuliza tulikuwa tunazungumzia mkono gani.