Namna ya kulinganisha uwezo wa kimwili wa masenta wa NBA wa zama tofauti

Ubishi wa nani ana uwezo zaidi wa kimwili kati ya Wilt Chamberlain, senta wa miaka ya 1960, na Victor Wembanyama wa leo haumaliziki kwa sababu swali lenyewe limebeba mambo mengi kwa mkupuo. Ligawe. Chukua karatasi, chora safu tano: kimo cha kufikia, mruko, mbio, kuhama kando na pumzi. Kila safu ina ushahidi wake, na ushahidi wa safu moja hauruhusiwi kujaza nyingine. Senta, yaani mchezaji mrefu anayecheza karibu na kikapu, akiruka sana si lazima awe na miguu ya kumfuata gadi, mchezaji mwepesi wa nje, nje ya mstari wa pointi tatu.

Anza na mwili. Usiamini kimo kilichoandikwa kwenye orodha za timu bila kuuliza kilipimwaje. Tangu msimu wa 2019–20 NBA inataka wachezaji wapimwe bila viatu. Kabla ya hapo vimo vingi viliandikwa na viatu, au kwa makadirio tu. Ukimlinganisha mchezaji wa 1995 na wa 2022, mpunguzie wa kwanza sentimita 2 hadi 3. Kilicho bora zaidi ni kimo cha kufikia, yaani mchezaji akisimama wima na kuinua mkono, maana mpira unazuiwa kwa vidole, wala si kwa utosi. Senta Mfaransa Rudy Gobert alipopimwa mwaka 2013 kabla ya kuingia ligi, mikono yake iliyonyooshwa ilikuwa sentimita 235 na kimo chake cha kufikia 292. Ringi iko sentimita 305. Huyo anahitaji kuruka kidogo sana, na hapo ndipo watu wanapokosea: wanaona mikono juu ya ringi wanasema "anaruka!" kumbe ni urefu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyekuwa wa pili timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009, alikuwa na kimo cha takriban sentimita 221, lakini kimo hicho pekee hakikumpa dakika nyingi uwanjani. Urefu uandike kwenye safu yake na uuache huko.

Sasa mruko. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo video inaposaidia kuliko simulizi zote. Tafuta mruko ambao miguu inaonekana tangu kuondoka sakafuni hadi kutua. Peleka video fremu moja moja. Hesabu kuanzia fremu ya mwisho ambayo kidole cha mguu kinagusa sakafu hadi fremu ya kwanza kinapogusa tena, kisha gawanya kwa idadi ya fremu za sekunde moja. Muda huo uzidishe kwa wenyewe, halafu zidisha kwa 1.226, unapata mruko kwa mita. Sekunde 0.7 ni sentimita 60. Sekunde 0.8 ni 78. Sekunde 0.9 ni 99.

Kosa la fremu moja si dogo. Kwenye video ya fremu 30, fremu moja inaweza kubadilisha jibu kwa sentimita 6 au 7 ukiwa karibu na sekunde 0.8; kwenye filamu ya fremu 24 ni sentimita 8; kwenye fremu 60 ni kama 3. Kwa hiyo matokeo yaandike kama masafa, mfano 72 hadi 85, na usidanganyike na namba moja yenye desimali. Filamu ya zamani iliyohamishiwa kwenye video ya fremu 30 ina fremu zilizorudiwa: ukiona picha mbili zinazofanana kabisa zikifuatana, usahihi wako ni wa fremu 24 hata kama programu inasema 30. Kosa jingine ni magoti. Anayetua akiwa amekunja magoti amechelewa kugusa sakafu, na hesabu itampa mruko asiokuwa nao. Chagua mruko aliotua karibu wima, mwingine utupe.

Kasi ya mkanda wenyewe nayo ipimwe kabla ya kumpima mchezaji, hasa mikanda ya miaka ya 1950 na 1960. Mvutano wa dunia haujabadilika tangu enzi za George Mikan, senta wa mwanzo wa miaka ya 1950, basi utumie. Tafuta mpira uliofika kilele chake usawa wa ringi kisha ukaanguka hadi sakafuni bila kugusa wavu wala mtu. Unatakiwa kutumia sekunde 0.79, ambazo ni karibu fremu 24 kwenye video ya 30. Ukihesabu 20, mkanda unaenda mbio: zidisha muda wote wa angani kwa 1.18 kabla ya kuingia kwenye kanuni. Usipofanya hivyo utampunguzia mchezaji karibu asilimia 30 ya mruko wake. Watu wengi hufikiri mkanda wenye kasi humpendelea mchezaji. Kwa mbio ni kweli, kwa mruko unamnyang'anya.

Pia usichanganye mruko wa kusimama na wa kukimbilia. Senta Dwight Howard mwaka 2004, akiwa na miaka 18, alipimwa kimo cha kufikia cha sentimita 283 na mruko wa takriban 90 wa kukimbilia. Jumla ni 373. Mwaka 2007, kwenye shindano la kudanki, alibandika stika kwenye ubao kwa kimo kilichotajwa kuwa 381. Tofauti ya sentimita 8 kwa kijana aliyekomaa kwa miaka mitatu haishangazi. Huo ndio mfano wa madai yanayokaguliwa.

Sasa kagua dai la Wilt, kwamba aliweza kugusa ncha ya juu ya ubao. Ncha ya juu ya ubao iko sentimita 396 kutoka sakafuni. Hata ukimpa kimo cha kufikia cha Gobert, kuigusa kunahitaji mruko wa sentimita 104. Ni mkubwa mno, ila haujavuka mipaka ya mwili wa binadamu. Lakini zipo simulizi zinazompa inchi 48, sawa na 122. Hizo zingeweka vidole vyake kwenye sentimita 414, juu ya ubao wenyewe kwa sentimita 18. Bila mkanda unaopimika, weka hilo kwenye ukurasa wa hadithi.

Kwa masenta wa kale, rekodi za riadha ni ushahidi mzito kuliko kumbukumbu za mashabiki. Bill Russell, senta mpinzani wa Wilt, aliruka juu mita 2.06 mwaka 1956, mwaka ambao Charles Dumas alivunja rekodi ya dunia kwa 2.15. Alikimbia pia yadi 440 chini ya sekunde 50. Wakati huo mtindo wa Fosbury wa kupita fito kwa mgongo ulikuwa haujafika. Ulishika kasi baada ya 1968. Anayedai Russell aling'ara kwa sababu tu alicheza na "mafundi bomba", yaani wapinzani wasio wanamichezo wa kweli, ajibu hizo mita 2.06 kwanza.

Mbio pima kwa mistari ambayo haijahama. Kutoka mstari wa mitupo huru wa upande mmoja hadi wa upande wa pili ni mita 17.07. Mshike senta anaporudi kulinda, maana hapo ndipo anapokimbia kwa nia. Akitumia sekunde 2.4, kasi yake ni mita 7.1 kwa sekunde. Usitumie upana wa eneo la sekunde tatu, lile lililochorwa mbele ya kikapu, kama rula bila kuangalia mwaka: lilikuwa futi 6, likawa 12 mwaka 1951 kwa sababu ya Mikan, likawa 16 mwaka 1964 kwa sababu ya Wilt.

Kuhama kando ndiyo safu yenye mapengo makubwa. Mstari wa pointi tatu uliingia NBA mwaka 1979, na senta wa 1965 hakuwa na sababu ya kumfuata mtu mita 7 kutoka kikapuni. Hakushindwa, hakuulizwa. Tafuta matukio machache ambayo mchezo ulimlazimisha. Kwa Hakeem Olajuwon, senta wa Houston, lipo moja safi: sekunde za mwisho za mechi ya sita ya fainali ya 1994, alipotoka kumfikia John Starks, gadi wa New York, na kuugusa mpira wake wa pointi tatu, Houston wakashinda 86–84. Tukio moja halitoshi. Kusanya kumi, andika kila mara kama nyonga ziligeuka kwa wakati na kama mkono ulifika kabla mpira haujaachiliwa.

Takwimu zije mwisho, zisitangulie. Bloku, yaani mitupo iliyozuiwa, hazikuhesabiwa rasmi kabla ya msimu wa 1973–74, kwa hiyo orodha yoyote ya bloku inayomwacha Russell nje haisemi kitu juu yake. Ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa, nazo zigeuzwe kuwa asilimia: ribaundi za mchezaji zidishe kwa 48, gawanya kwa dakika zake zilizozidishwa kwa ribaundi zote za timu mbili. Msimu wa 1961–62 Wilt alikuwa na 25.7 kwa dakika 48.5, na kila timu ilikuwa na takriban 71 kwa mechi. Jibu ni karibu asilimia 18. Senta wa leo mwenye 13 kwa dakika 34, timu zikiwa na 44 kila moja, anafika karibu 21. Ila jumla za zamani zilichanganya ribaundi zilizoandikwa kwa timu bila jina la mtu, hivyo asilimia halisi ya Wilt ilikuwa juu kidogo ya hiyo.

Pumzi ni safu ambayo Wilt haguswi. Mechi ina dakika 48, naye, muda wa nyongeza ukijumlishwa, alikuwa na wastani wa 48.5 kwa msimu mzima, kwa kasi inayokadiriwa kuwa mashambulizi 126 kwa kila timu, dhidi ya takriban 99 ya miaka hii. Makadirio, kwa sababu mipira iliyopotezwa haikuandikwa wakati huo. Na si kila safari ilikuwa ya kukimbia; tazama dakika kumi mfululizo uhesabu mara alizotembea.

Ukimaliza, toa majibu mawili kwa kila safu: kipimo chenyewe, na nafasi yake kati ya masenta wa wakati wake. Russell atakaa juu kwenye yote mawili kwa mruko na mbio. Mikan atapanda kwenye jibu la pili tu. Safu isiyo na ushahidi iache tupu. Usiijaze kwa wastani wa zile nyingine nne.