Beringi za swingamu: kazi ya kufanya pikipiki ikiwa imelala msimu wa baridi

Beringi ya gurudumu huzunguka kila unapotembea, na grisi yake huzunguka nayo. Beringi ya swingamu haijawahi kuzunguka hata mara moja tangu pikipiki itoke kiwandani. Inacheza nyuzi chache tu juu na chini, kama bawaba ya mlango ambao haufunguliwi ukafika mwisho. Sindano zake, vile vipini vyembamba vya ndani, hukandamiza palepale, grisi husukumwa kando na hairudi, maji huchukua nafasi yake, kisha kutu. Karibu kila nitakachosema hapa chini kinatokana na jambo hilo: mahali pa kuangalia, namna ya kupaka grisi, na jinsi ya kuamua kwamba beringi imekwisha.

Swingamu ni ule mkono mkubwa unaoshika gurudumu la nyuma. Upande wa mbele umepachikwa kwenye fremu kwa ekseli moja ndefu, na hapo ndipo beringi zilipo. Nyingi ni za sindano, yaani vipini vyembamba vya chuma vilivyopangwa ndani ya kikombe, na katikati yake hupita kibomba cha chuma kigumu ambacho ekseli hukibana.

Msimu wa baridi unaifaa kazi hii kwa sababu huna haraka ya kupanda pikipiki kesho. Na kama barabara zenu humwagiwa chumvi, chumvi hiyo imeshaingia pale chuma kinapogusana na alumini, na inaendelea kula pikipiki ikiwa imeegeshwa. Mimi hufungua kila baridi pikipiki inayotembea kwenye mvua, na kila baridi ya pili kwa ile inayotembea pakavu. Anayeosha kwa mashine ya maji yenye nguvu akilenga pale kwenye maungio asingoje ratiba yangu; maji yale hupita sili (mpira wa kuzuia maji na uchafu) bila kubisha hodi.

Kabla ya kugusa spana, jua una kitu gani. Pikipiki nyingi ndogo hazina beringi hapo, zina bushi, yaani mikono mifupi ya mpira ulioshikanishwa na chuma ndani na nje. Mpira huo haupakwi grisi: wenyewe hujipinda swingamu inapopanda na kushuka, na grisi huuozesha. Ukichanika, unabadilishwa. Nati yake kubwa hukazwa pikipiki ikiwa imekaa chini kwa uzito wake, la sivyo mpira utaishi umejipinda muda wote na hautadumu. Pikipiki za shafti (zinazosukuma gurudumu kwa shafti badala ya mnyororo) nazo mara nyingi zina beringi za koni zinazotaka kubanwa kwa kipimo maalumu. Fuata kitabu chake neno kwa neno. Kuanzia hapa nazungumzia za sindano na mnyororo.

Legeza nati ngumu wakati pikipiki ingali na gurudumu lake na iko imara chini: nati ya ekseli ya nyuma, nati ya swingamu, na nati ya sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) kama utaitoa. Mwenzako akikanyaga breki ya nyuma, ile ya sproketi inafunguka. Ukishatoa gurudumu, sproketi itazunguka na spana yako na utabaki kutafuta cha kuizuia.

Kisha inua. Zile stendi za nyuma zinazodaka swingamu hazifai hapa, maana ndiyo unayotaka kuitoa. Unahitaji kuibeba pikipiki kwa fremu au chini ya injini: stendi ya katikati kama ipo, jeki yenye ubao juu yake, au mikanda imara iliyofungwa kwenye boriti. Funga breki ya mbele kwa kamba isije ikasogea. Na angalia vizuri ekseli ya swingamu inapita wapi. Kwenye pikipiki kadhaa inapita ndani ya injini na kusaidia kuishika, hivyo ukiichomoa injini inaweza kushuka. Iwekee egemeo kwanza.

Gurudumu likitoka, kalipa ya breki (sehemu inayobana diski) ning'iniza kwa kamba. Usiiache ining'inie kwa mpira wake. Fungua vibanio vinavyoshika mpira wa breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia gurudumu kukwama unapofunga breki) kwenye swingamu, na piga picha kila kitu kilivyopita. Mnyororo usio na kiungo cha kufungua umezunguka upande wa mbele wa swingamu, kwa hiyo huwezi kuuacha nyuma: utoe kwenye sproketi ya mbele, utoke pamoja na swingamu. Wengine wanaukata. Sioni sababu ya kukata mnyororo mzima kwa ajili ya nati moja.

Kwa shokapu, weka kipande cha mbao chini ya swingamu na ukiinue kidogo kidogo hadi bolti ya chini ichomoke kwa vidole. Ukilazimika kuipiga nyundo, bado ina mzigo.

Sasa kabla ya kuchomoa ekseli, simama ufanye kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Shokapu na viungo vyake havishiki kitu tena, na swingamu inaning'inia kwa beringi zake tu. Ipandishe kwa mkono na uiachie taratibu: ishuke laini, bila kukwama mahali. Kisha shika ncha ya nyuma uisukume kushoto na kulia, kidole cha mkono mwingine kikiwa pale inapokutana na fremu. Mchezo ukiwepo utausikia kwenye kidole kabla hujauona kwa macho. Watu hufanya kipimo hiki gurudumu likiwa bado limefungwa, wakilitikisa lenyewe, halafu wanalaumu swingamu kumbe ni beringi za gurudumu.

Ekseli iliyokaa miaka bila grisi huganda. Mwagia mafuta ya kupenya kutu pande zote mbili na uyaache usiku kucha. Kwenye gereji yenye baridi hupenya polepole, kwa hiyo yape muda zaidi. Rudisha nati hadi iwe sawa na ncha ya ekseli ili ilinde hesi, kisha gonga kwa nyundo ukiwa umeweka kipande cha shaba katikati. Ikianza kusogea, toa nati na umalizie kwa fito ya chuma nyembamba kuliko ekseli. Isiposogea, jaribu kuizungusha kwa spana upande wa kichwa, maana kuzungusha huvunja kutu kuliko kugonga. Kuna zinazogoma kabisa, na hizo hukatwa kwa msumeno kati ya fremu na swingamu. Ekseli mpya ni nafuu kuliko fremu iliyopasuka.

Swingamu ikiwa mezani, tandika kitambaa cheupe kabla ya kuchomoa vibomba. Baadhi ya beringi za sindano hazina kikapu cha kutenganisha sindano: zimejipanga zikigusana, na kinachozishika ni kibomba na grisi tu. Ukichomoa kwa pupa zinamwagika. Zihesabu kila upande na uandike. Toa sili kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa tepu, osha kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi, ufute, uoshe tena mpaka kitambaa kibaki kisafi.

Chukua kibomba ukiegemeze kwenye mwanga na ukipitishie ukucha. Uchakavu hautakuwa mduara mzima, utakuwa upande mmoja, ule unaobeba mzigo. Mng'ao wenye mistari hafifu isiyokwaza ukucha hauna shida. Ukucha ukikwama kwenye mitaro midogo iliyopangwa sambamba, sindano zimeshachimba makaburi yao, na beringi pamoja na kibomba vinabadilishwa vyote viwili. Kibomba kipya ndani ya beringi iliyoliwa, au kinyume chake, ni kazi utakayoirudia. Doa la kahawia linalofutika ni maji yaliyopita. Kutu lililoacha vishimo halisamehewi.

Beringi ikiwa nzima, iache hapohapo ilipo. Kikombe chake ni bati jembamba na kukivuta nje hukiharibu, kwa hiyo hakuna kuitoa ili kuiosha vizuri. Inaoshwa ikiwa ndani.

Ikiwa ni ya kubadilisha, kazi ya kwanza ni vernia, kile kifaa cha kupimia milimita. Pima beringi imezama kina gani kutoka ukingo wa tundu, kila upande peke yake, na uandike. Pasipo namba hizo hujui mpya iishie wapi, na sili haitapata nafasi yake. Soma pia maandishi yaliyochongwa. Beringi iliyoandikwa HK2520, kwa mfano, iko wazi pande zote, tundu lake ni mm 25 na upana mm 20. Usijaribu kupima tundu la beringi mpya ikiwa mkononi ukashangaa kipimo hakilingani: kikombe hupata umbo lake sahihi kinapobanwa ndani ya nyumba yake.

Ya zamani hutoka kwa pula ya ndani (kifaa kinachoshika beringi kwa ndani na kuivuta), au kwa fito ndefu kutokea upande wa pili kama kuna ukingo wa kushika. Joto ndilo msaidizi mkubwa. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na kwa tundu la mm 32, nyuzi 80 za ziada hulipanua kiasi cha mm 0.06 huku beringi yenyewe ikipanuka nusu ya hapo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mkononi utaisikia. Tumia mashine ya kupuliza hewa ya moto ukiisogeza muda wote. Tone la maji likichemka juu ya alumini, inatosha. Usitumie moto wa gesi uliokaa sehemu moja, utaharibu rangi na hata alumini yenyewe. Beringi mpya nazo huwa nimezilaza kwenye friza tangu jana yake, ndani ya mfuko uliofungwa ili zisikusanye unyevu.

Kuingiza, nyundo iweke mbali. Chukua fito ndefu yenye hesi, nati mbili, washa nene, na soketi ambayo kipenyo chake ni kidogo kuliko cha beringi kwa unywele tu. Upande wenye maandishi ukae nje, ndio mgumu na ndio unaosukumwa. Kaza robo mzunguko, tazama kama inaingia wima, kaza tena. Ikianza kulala upande, rudi nyuma uanze upya. Kikombe kilichoingia kimelala hakinyooshwi kwa kukazwa zaidi. Simama kwenye namba uliyoandika.

Grisi sasa. Natumia isiyooshwa na maji, daraja la NLGI 2 (kipimo cha ugumu wa grisi). Zile za kalsiamu salfoneti zinavumilia maji na chumvi vizuri sana. Iliyopo uitoe yote kwanza, kwa sababu si kila grisi inapatana na nyingine, na mbili zisizopatana huweza kulainika zikatiririka. Kupaka juu juu hakusaidii chochote. Isukume kwa kidole gumba kati ya sindano, zungusha sindano kidogo, sukuma tena, hadi itokeze upande wa pili. Paka ndani ya mdomo wa sili, nje ya kibomba, na tabaka jembamba kwenye ekseli yote isipokuwa hesi. Hesi iache kavu, labda kitabu kiseme vingine, maana hesi yenye grisi hufanya spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) ikudanganye na ukaze kupita kiasi.

Ukiwa hapo, fungua viungo vya shokapu vilivyo chini yake. Viko karibu zaidi na matope, beringi zake ni ndogo zaidi, na mara nyingi ndizo nazikuta zimekufa wakati za swingamu bado nzima. Kazi ni ileile. Kuviacha viungo hivyo bila grisi ukiwa umeshatoa kila kitu njiani ni uvivu, niseme tu.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, ila mambo mawili. Mnyororo uwe umeshazunguka swingamu kabla hujaingiza ekseli. Na kama pikipiki yako ina nati ya kurekebisha mchezo wa pembeni pamoja na nati yake ya kufungia, mpangilio wa kukaza ni wa kitabu: mara nyingi kwanza ile ya kurekebisha kwa toki ndogo, kisha ya kufungia, mwisho nati kubwa ya ekseli. Ukibadilisha mpangilio, swingamu itabanwa au itacheza. Toki ya nati kubwa hutofautiana mno, karibu Nm (nyutonimita) 50 kwenye pikipiki ndogo na zaidi ya Nm 100 kwenye kubwa, kwa hiyo usiazime namba ya pikipiki ya jirani. Baada ya kukaza, na kabla ya kufunga shokapu, rudia kipimo kile cha mkono. Ishuke kwa uzito wake, sasa polepole kidogo kwa sababu ya grisi mpya na baridi.

Funga kalipa, bana waya mahali pake ukifuata picha, panga gurudumu na mnyororo upya, na ukanyage breki ya nyuma mara kadhaa hadi ikamate. Baridi ikiisha na ukishatembea kama kilomita 200, rudisha spana ya toki kwenye nati ya swingamu na bolti za viungo, na ufute grisi iliyotokeza kwenye sili kabla haijakusanya mchanga.