Namna ya kuwafundisha madogo wa laini kuchomoka fasta mpira ukianza

Kwenye futiboli ya Kimarekani dogo wa laini (wale wanaojipanga mbele kabisa, uso kwa uso na wapinzani) akichelewa kutoka, makocha wengi wanakimbilia kumpa mazoezi ya nguvu, wakati mara nyingi shida iko kwenye mkao wake kabla mpira haujaguswa, so tuanzie hapo.

Miguu upana wa mabega, mmoja umerudi nyuma kidogo, mkono mmoja chini, mgongo umenyooka, macho mbele. Akiwa hapo uondoe ule mkono ulioko chini ghafla. Akidondokea mbele ujue uzito wote ameulalia mkononi. Kwa dogo wa difensi (timu isiyo na mpira) anayetaka kupenya tu sio mbaya sana, ila wa ofensi (timu yenye mpira) hapana, kwa sababu kuna mchezo atatakiwa arudi nyuma kumlinda kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuurusha, au akimbie pembeni, na mpinzani akiona vidole vimekuwa vyeupe kwa kukandamiza chini anajua kabisa jamaa anakuja mbele.

Sasa hatua ya kwanza, na hapa ndo penye kazi. Iwe fupi, kama sentimita 15 hivi, chini chini, na mguu wa pili uwe umeshatua kabla hawajagongana. Madogo karibu wote wanarudisha mguu nyuma kwanza ndo waende, wenyewe hawajui kabisa wanafanya hivyo. Weka kipande cha karatasi nyuma tu ya kisigino cha mguu wa nyuma, akikikanyaga amekiona mwenyewe, huna haja ya kubishana nae. Simu nayo inasaidia, mrekodi kwa pembeni halafu mrudishie polepole aone.

Na jamani acheni kuanzisha zoezi kwa filimbi! Kwenye mechi hakuna filimbi inayoanzisha mchezo. Wa difensi anatakiwa aangalie mpira tu, so funga mpira kwenye fimbo, uweke chini mbele yake, atoke pale unapotikisika, na wewe piga kelele za kumdanganya kama kwotabeki anavyofanya. Akitoka kwa sauti akavuka mstari kabla mpira haujaanza, hiyo ni ofsaidi na timu yake inaadhibiwa yadi 5. Wa ofensi yeye anaijua hesabu, yaani mpira utaanza kwenye neno gani la kwotabeki, hiyo ni faida yake kubwa, kwa hiyo afanye na hesabu tofauti tofauti, asizoee moja.

Wakitoka wengi wanasimama wima. Tandaza kamba juu usawa wa kifua wapite chini yake, nyonga ziwe chini, mikono ilenge kifua cha mpinzani kwa ndani. Kichwa juu muda wote, kugonga kwa utosi wa helmeti usiruhusu hata mara moja, shingo inavunjika.

Mbio ziwe yadi 5 tu, wapumzike vizuri katikati, na ukiona hatua ya kwanza imeanza kuwa nzito simamisha zoezi siku hiyo, maana ukiendelea unawafundisha kutoka polepole.