Kuomba laini ya stima ihamishwe au izimwe kabla ya kujenga Malindi

Mara nyingi ni ghorofa ya pili ikianza kupanda ndipo mwenye nyumba anapogundua kwamba waya wa stima unapita usawa wa kichwa cha fundi. Ombi hupelekwa Kenya Power, na wa kulipeleka ni mwenye ploti au mkandarasi wake aliyepewa idhini ya maandishi. Lipeleke kabla msingi haujachimbwa.

Kwanza jua unaomba nini. Waya ukipita juu ya ploti au karibu na pale ukuta utakapofika, omba laini ihamishwe. Ikiwa jengo liko mbali kidogo ila mna kazi ya siku moja mbili karibu na waya, kama kuezeka au kufunga jukwaa la mivinje, omba izimwe kwa muda. Wengi huchagua kuzimiwa ili wakwepe gharama, halafu nyumba inakwisha na balkoni iko mkono mmoja kutoka kwenye waya. Waya wa volti 11,000 au 33,000 si lazima uguswe; nondo ikiukaribia mno, stima huruka. Na msimu wa kusi bati refu hugeuka tanga mikononi mwa fundi.

Barua iwe fupi: jina, nambari ya ploti, mtaa, aina ya kazi na tarehe. Ambatanisha nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA, hati ya ardhi na ramani iliyopitishwa na Kaunti ya Kilifi. Tia picha za waya na nguzo kutoka pande mbili, pamoja na nambari ya mita iliyo karibu. Nakala yako ipigwe muhuri.

Maafisa watakuja kupima, kisha utapewa makadirio ya gharama kwa maandishi. Gharama ya kuhamisha ni yako uliyeomba. Lipa kupitia akaunti ya kampuni, usimpe pesa mkononi mtu aliyekuja na ngazi, hata akiwa na sare.

Siku ya kuzimwa ndiyo ya kuangaliwa sana. Taa za mtaa kuzimika hakutoshi. Nyumba za mapumziko na hoteli za hapa zina jenereta, na jenereta iliyofungwa vibaya hurudisha stima kwenye laini ile ile. Vibarua wangoje chini mpaka wahudumu wa laini waupime waya, wauunganishe na ardhi ili stima ikirudi ishukie chini, kisha wakwambie kwa kinywa chao kwamba kazi ianze. Saa ya kurudisha stima pia iwe imeandikwa. Ikikaribia, wote washuke. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humwajibisha mwajiri, kwa hivyo “fundi alijipandia mwenyewe” si jibu.

Mbali na stima, angalia pia gesi. Gesi ya Malindi ni ya mitungi. Ila hotelini, mitungi huweza kukaa nje na bomba likapita ukutani hadi jikoni. Kabla ya kutoboa, mwombe meneja kwa maandishi akuonyeshe njia ya bomba na afunge mitungi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutulia mtaroni na kwenye shimo la msingi, pale pale vibarua walipoinama.

Waya ukianguka, usiusogeze hata kwa mti mkavu. Waambie watu wakae mbali, piga 97771, taja mtaa na alama iliyo karibu, na usimruhusu yeyote kusogea mpaka wahudumu wafike.