Mfuko wa kiroba, kizuia vumbi cha mlangoni na vishikio vya sufuria: kushona kwa mkono bila cherehani

Nguo haichakai sawasawa. Suruali ya jinzi iliyotoboka magotini bado ina kitambaa kizima nyuma ya miguu. Shati lililoisha kola lina mgongo ambao haujafanya kazi yoyote, na shuka hulika katikati huku pembeni likibaki imara. Kwa hiyo kazi huanza kwa kuchagua pa kukata, na kosa likifanyika hapo hata mshono mzuri namna gani hautauokoa mfuko.

Kipime kitambaa kwanza. Kishike kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa karibu, kisha ukivute kwa nguvu kufuata uzi wake. Kikitoa sauti ya kuchanika au nyuzi zikiachana, kiweke kando kiwe cha kujazia. Mapazia ndiyo yanayodanganya zaidi: rangi ya upande wa chumbani inaweza kuwa bado inapendeza, kumbe jua la Dodoma limeshapika nyuzi upande wa dirishani. Viroba navyo ni hivyo hivyo. Kiroba kilichoshinda uani miezi kadhaa kifinye kwenye ngumi. Kikiacha vipande vidogo mkononi kama maganda, kitupe, kwa sababu kitakatika kikiwa na mzigo.

Pima pia kama ni pamba au polyesta, hasa kwa vitu vya jikoni. Nje ya nyumba, maji yakiwa karibu, shika kipande kidogo kwa koleo na ukiwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Polyesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Jinzi nyingi za mitumba zimechanganywa na nyuzi za kuvutika. Hizo zinafaa kwa kizuia vumbi, ila usishikie nazo sufuria.

Fua kila kitu kabla ya kukata. Vumbi la huku limejaa chembe za mchanga, na mchanga uliojificha kwenye mishono ya jinzi humaliza makali ya mkasi. Kung'uta kwanza kikiwa kikavu, ndipo uloweke. Kukung'uta kunapunguza sana maji ya kusuuzia, jambo la maana kwa nyumba inayochota kwa ndoo.

Vifaa

Sindano mbili zinatosha: moja ya kawaida ya kushonea nguo, nyingine nene yenye tundu kubwa kwa ajili ya jinzi na kiroba. Shazia, ile sindano ya magunia, ni nene mno kwa mfuko huu. Huacha matundu makubwa ambayo mzigo huyapanua. Tafuta uzi wa polyesta au nailoni kwa mfuko, na wa pamba kwa vishikio vya sufuria. Ongeza mkasi, futi ya fundi, chaki au kipande cha sabuni kavu cha kuchoria, pini, na plaizi ndogo ya kuvutia sindano inapokwama kwenye tabaka nne za jinzi. Mkasi wa kitambaa usikatie kiroba. Tumia kisu au mkasi wa zamani.

Uzi uwe na urefu wa sentimeta 50 hivi baada ya kuukunja mara mbili. Ukiwa mrefu zaidi hujisokota na kufunga mafundo, na kila unapopita kwenye kitambaa husuguliwa hadi ukakatikia karibu na tundu la sindano. Upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili, kisha uubane kati ya vidole ili nta iingie. Kanda ya kati ina wafugaji nyuki wengi, na kipande kidogo cha nta ukikipata kwa muuza asali kitakutosha kwa muda mrefu. Mshumaa nao unasaidia kidogo, ila huacha alama kwenye kitambaa cheupe.

Mishono utakayohitaji ni mitatu tu. Bandi ni ile ya kupita juu na chini kwa hatua ndefu, na kazi yake ni kushikiza kwa muda. Mshono wa kurudi nyuma ndio unaobeba mzigo: toa sindano mbele, irudishe nyuma hadi mwisho wa hatua iliyopita, kisha itokezee hatua moja mbele. Wa kuzungushia hupita juu ya ukingo ili nyuzi zisifumuke.

Mfuko wa sokoni wa kiroba

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kila nyumba inahitaji mfuko unaorudi sokoni. Kiroba cha kilo 25 cha unga, mchele au mashudu ya alizeti kinafaa. Cha mbolea au dawa za shambani kisitumike kubebea chakula, hata kikifuliwa mara tano.

Uzuri wa kiroba ni kwamba kimefumwa kama bomba, hakina mshono wa ubavuni. Kwa hiyo unashona chini na juu tu. Usiuamini mshono wa kiwandani wa chini, maana ni wa mnyororo: ukiukata upande mmoja na kuvuta, wote unafumuka. Ufumue kabisa, kisha upime sentimeta 50 kutoka chini kwenda juu na ukate. Kingo zilizokatwa humwaga nyuzi papo hapo. Zipitishe haraka juu ya mwali wa mshumaa, kwa umbali wa kidole kimoja, hadi nyuzi zishikane. Fanya hivyo nje, kwa sababu moshi wake si mzuri, na usisogeze karibu zaidi. Kiroba hakiungui polepole, huyeyuka na kudondoka kikiwa cha moto.

Geuza ndani nje. Shona chini kwa mshono wa kurudi nyuma, sentimeta 1.5 kutoka ukingoni, uzi mara mbili. Hatua ziwe za milimeta 5 hadi 6. Hapa ndipo wazoefu wa kushona nguo hukosea: huweka hatua za milimeta 2 wakidhani wanaimarisha, kumbe wanatoboa mstari wa matundu na kiroba kinachanika kwa kuufuata. Rudia mstari wa pili, milimeta 5 kutoka wa kwanza.

Ili mfuko usimame, tengeneza kitako. Kiroba cha kilo 25 kikilazwa mara nyingi huwa na upana wa sentimeta 45 hivi. Vuta kona moja ya chini ili mkunjo wa ubavuni ulale juu ya mshono wa chini, utapata pembetatu. Pima sentimeta 6 kutoka ncha, ukifuata mshono, chora mstari wa kukatisha hapo (utakuwa na urefu wa sentimeta 12) na uushone. Fanya kona ya pili vivyo hivyo. Pembetatu usizikate, zilaze chini ya kitako na uzishikize. Zinaongeza unene mahali panaposuguliwa sana.

Juu, kunja sentimeta 3 kwenda ndani, kisha 3 tena, ushikize kwa bandi. Usishone moja kwa moja kwanza, kwa sababu mikanda inapita hapo.

Kwa mikanda, kitu bora kabisa tayari kimeshonwa: kiuno cha suruali ya jinzi. Kitenganishe na suruali kwa wembe, utoe kifungo na vishikilia mkanda. Kiuno cha sentimeta 90 hutoa mikanda miwili ya 45, inayotosha kubebea mkononi. Ukitaka wa begani, kata vipande viwili vya jinzi vya sentimeta 8 kwa 70, ukunje kingo hadi katikati, ukunje tena, na ushone pande zote mbili. Pigapiga mikunjo hiyo kwa nyundo juu ya ubao kabla ya kushona. Jinzi hulainika na sindano hupita bila kuvunjika.

Mifuko ya kushona nyumbani haifii kwenye mshono wa chini, inafia penye mikanda. Ndani ya mfuko, nyuma ya kila mwisho wa mkanda, weka kiraka cha jinzi cha sentimeta 6 kwa 6. Mkanda uingie sentimeta 5 chini ya ukingo wa juu, sentimeta 14 kutoka mkunjo wa ubavuni. Shona mraba kupitia tabaka zote, mkanda, pindo na kiraka, kisha uvuke katikati kwa alama ya X. Kiraka kikiwa kidogo kuliko mraba wa mshono hakina kazi. Malizia pindo lote la juu kwa mshono wa kurudi nyuma.

Ujaribu nyumbani kwa kilo 5 za unga, uuning'inize kwenye msumari kwa saa moja. Ukiona matundu ya sindano yanarefuka na kuwa na umbo la yai, kiraka hakijashika; fumua mraba huo tu. Kilo 6 hadi 8 ndiyo kazi ya mfuko huu. Viazi vya debe zima vipakie kwenye kitu kingine.

Kizuia vumbi cha mlangoni

Kiangazi, upepo ukianza, vumbi jekundu hupita chini ya mlango hata ukiwa umefungwa. Bomba la kitambaa lililojazwa vizuri linapunguza sana, lakini mengi yanayotengenezwa ama ni mepesi na hupeperushwa, ama yamejazwa mchanga mtupu na kuwa mazito kama tofali.

Pima upana wa mlango, uongeze sentimeta 3. Kwa mlango wa 85, bomba lililokamilika liwe 88, na kitambaa cha kukata kiwe 91 kwa 22. Kichukue nyuma ya miguu ya suruali pana, kwa sababu goti huchakaa mbele. Mguu mmoja hutoa kama 75, na mguu wa pili utatoa kipande cha 19. Uviunganishe kwa mshono wa sentimeta 1.5 na urefu unatimia. Kunja kwa urefu, uso ukiwa ndani, shona ubavu na mwisho mmoja, kisha geuza kwa kutumia mpini wa mwiko.

Mchanga ukae kwenye vifuko vyake vitatu vya ndani, la sivyo wote utakimbilia upande mmoja mara ya kwanza mtu anapousukuma kwa mguu. Kila kifuko ni kipande cha shuka lililofumwa kwa kubana, sentimeta 30 kwa 14, kilichokunjwa kwa urefu na kushonwa sentimeta 1 kutoka ukingoni kwa hatua za milimeta 2. Hapa hatua fupi ndizo zinazotakiwa, kwa kuwa mchanga hutoroka kwenye mianya. Mchanga wa korongoni unafaa: uchekeche kuondoa vumbi, uanike juani siku nzima. Ukiwa na unyevu kitambaa kitaota ukungu. Robo lita kwa kifuko inatosha, yaani nusu ya chupa ndogo ya maji.

Panga vifuko vitatu mfululizo ndani ya bomba, huku ukizungushia vipande vya nguo vilivyokatwa vidogo, ukubwa wa kiganja au pungufu. Vipande vikubwa hufanya mabonge, na bonge huinua bomba kutoka sakafuni. Usijazie pumba wala mashudu, panya watakushukuru. Funga mwisho kwa mshono wa kuzungushia. Zipu haina haja, maana unapotaka kufua unafumua sentimeta 6 tu na kutoa vya ndani.

Vishikio vya sufuria

Sufuria zetu hazina mikono, kwa hiyo unahitaji viwili vya ukubwa sawa. Kata vipande vinne vya jinzi ya pamba na vinne vya taulo la zamani, vyote sentimeta 20 kwa 20. Kila kishikio kiwe jinzi, taulo, taulo, jinzi. Tabaka sita huzuia moto vizuri zaidi, ila vidole havikunji tena na sufuria huponyoka, jambo ambalo ni baya kuliko joto.

Shikiza tabaka kwa bandi, kisha shona mistari ya mshazari kila baada ya sentimeta 4 ili taulo lisijikusanye kona moja. Anzia katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, kitambaa cha juu husukumwa na kuishia na mkunjo usiotoka. Kingo zizungushie kwa utepe wa kanga wenye upana wa sentimeta 5, uliokatwa mshazari ili ujipinde konani bila kujivuta, ukunjwe kingo zote kwenda ndani na kushonwa pande mbili.

Wapo wanaopenda kuunganisha vishikio viwili kwa utepe mrefu wa kuning'inizia shingoni. Kwa jiko la mkaa hilo halifai, utepe hugusa makaa. Weka kitanzi cha sentimeta 8 kwenye kona moja, utundike ukutani. Na kishikio kilicholowa kisishikiwe kitu cha moto hata kwa haraka, kwa kuwa maji hupitisha joto upesi na mvuke wake huunguza.

Mabaki

Shati la zamani la vifungo hutoa foronya ya mto mdogo karibu bila kazi. Funga vifungo, lilaze, chora mraba wa sentimeta 43 katikati ya kifua na mgongo kwa pamoja, kata, geuza, na ushone pande zote nne sentimeta 1.5 kutoka ukingoni. Vifungo ndio mlango wa kuingizia mto wa 40 kwa 40. Angalia tu kifungo kisiangukie ndani ya mshono. Kikiangukia hapo, sogeza mraba juu au chini kidogo kabla ya kukata.

Chandarua kuukuu chenye dawa usikitumie kuchujia wala kufunikia chakula. Vipande vidogo mno kwa kazi yoyote viweke kwenye kiroba kimoja kikavu, vitajaza kizuia vumbi cha mlango wa pili.