Kabla ya Kuandika "Huenda": Mambo ya Kuzingatia Katika Ripoti ya Utafiti

Kabla hujagusa sehemu ya mjadala, orodhesha madai yako yote, kila dai kwenye mstari wake, na mbele yake uandike limetoka wapi: umelipima, umelikisia kutokana na ulichopima, au ni wazo lililokujia baada ya kuyaona matokeo. Dai lililopimwa hustahili "ilibainika". Lililokisiwa huchukua "yaelekea" au "matokeo yanaashiria". Wazo tupu ni la "huenda" au "yamkini", na lifuatwe na sentensi inayoeleza kipimo gani kingelithibitisha au kulikanusha. Likikosa kipimo, liache.

Kisha jiulize shaka yenyewe iko wapi. Hapa ndipo wengi huteleza. "Labda huenda dawa ikaweza kupunguza homa" ni shaka zilizorundikwa, na msomaji hajui unachosita nacho: kwamba homa ilipungua, kwamba dawa ndiyo iliyoipunguza, au kwamba wagonjwa wengine nao watapona. Neno moja la shaka latosha, likae panapohusika: "Homa ilipungua kwa wagonjwa 31 kati ya 40. Huenda ni kwa sababu ya dawa, ila hapakuwa na kundi la kulinganishia." Kilichohesabiwa kimesemwa bila kusita, na shaka imebaki kwenye chanzo peke yake.

Chunga pia vitenzi. "Wanafunzi 40 tuliowahoji walisoma usiku" ni taarifa ya sampuli. "Wanafunzi husoma usiku" tayari ni kanuni kwa wanafunzi wote, na kilichoibadilisha ni kiambishi hu- pamoja na kuachwa kwa "40 tuliowahoji". "Inasemekana" nalo si neno la tahadhari, bali huficha msemaji. Mtaje.

Penye takwimu, weka tarakimu kando ya neno, maana "yaelekea" ya mmoja si "yaelekea" ya mwingine. IPCC, jopo linalotathmini mabadiliko ya tabianchi, limeliona tatizo hilo na kuyawekea maneno yake mipaka: jambo "linaloelekea" kuwa kweli lina uwezekano wa angalau asilimia 66, "linaloelekea sana" angalau 90. Ukitaka kutumia ngazi ya namna hiyo, ifafanue kwenye sehemu ya mbinu, usiibadilishe njiani.

Thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama uliyoiona, au zaidi, iwapo kwa kweli hakuna tofauti) ikizidi 0.05, usiandike "hakuna tofauti". Andika "hatukupata ushahidi wa kutosha wa tofauti", kisha utoe makadirio pamoja na kiwango chake cha chini na cha juu. Sampuli ndogo huweza kabisa kuikosa tofauti iliyopo.

Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni mwa ripoti, iandike mwisho, kisha uilinganishe na mjadala sentensi kwa sentensi. Katika kubana maneno, "huenda" ndiyo hudondoka kwanza, na wasomaji wengi huishia hapo kwenye ikisiri. Mjadala ukisema "huenda inachangia" na ikisiri ikasema "inasababisha", rekebisha ikisiri. Kichwa cha makala nacho kikaguliwe vivyo hivyo.