Somo: Kutumia tumbaku ya moshi katika mchanganyiko wa kiko unaoutengeneza nyumbani

Ninaandika somo hili ili nipate mahali pamoja pa kuwaelekeza wanachama wenzangu wanaouliza kila mara, kwa maneno yaleyale, tumbaku ya moshi iwekwe kiasi gani katika kiko na kwa nini ya kwao imetoka kali au imeota kuvu. Nimerefusha pale ambapo watu huharibu, na kwingineko mstari mmoja unatosha. Somo linawahusu watu wazima ambao tayari wanavuta kiko. Asiyevuta asianze kwa sababu yangu, kwani kiko nacho hudhuru kinywa, koo na mapafu, na sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18.

Kwanza tuelewane kuhusu majani yenyewe. Wakulima wetu huitaja tumbaku kwa namna inavyokaushwa. Ya mvuke, ambayo ni Virginia ya Tabora, Urambo, Kahama na Chunya, hukaushwa kwa joto linalopita katika mabomba ndani ya bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku, bila moshi kuligusa jani. Ya hewa, yaani Burley, huning'inizwa kivulini. Ya moshi, ambayo kwetu ni zao la Ruvuma, hasa Songea na Namtumbo, huning'inizwa ndani ya bani juu ya moto wa magogo unaofukuta, mpaka jani ligeuke kahawia iliyokolea na kunatanata mkononi. Ndivyo wafanyavyo pia Malawi, na ndivyo wafanyavyo Marekani katika majimbo ya Kentucky na Tennessee.

Latakia ni kitu kingine, ingawa nayo hupitishwa motoni. Hiyo ni jani dogo la mashariki ya Mediterania ambalo hukaushwa juani kwanza, kisha hufukizwa kwa moshi wa miti na vichaka vyenye utomvu hadi liwe jeusi. Jina lake ni la bandari ya Syria, lakini siku hizi iliyo sokoni hutoka zaidi Kupro. Harufu yake ni nzito sana, ya ubani na ngozi, huku ukali wake ukiwa mdogo. Tumbaku ya moshi ni kinyume chake, harufu ya wastani lakini nikotini nyingi na sukari kidogo. Anayechukua kipimo cha Latakia na kukitumia kwa jani la Songea atajuta kabla ya kiko kufika nusu. Kuanzia hapa ninaposema tumbaku ya moshi ninamaanisha jani la bani, si Latakia.

Hatua ya kwanza. Pata mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, ile wanayotumia wauza madini hapa mjini Arusha.

Hatua ya pili. Ondoa uti wa jani lote, kwa sababu uti huungua vibaya na kuleta uchungu.

Hatua ya tatu. Panga majani kadhaa pamoja, yaviringishe kwa kubana, uyakate kwa kisu chenye makali kama unavyokata sukuma wiki, upana wa milimita moja hadi mbili. Jani la moshi likate jembamba kuliko la mvuke, ili lisambae sawasawa na usikutane na fungu lake lote katika pumzi moja.

Hatua ya nne, na hapa naomba mtu asiruke. Kabla ya kupima chochote, majani yote yawe na unyevu unaolingana. Jani la moshi mara nyingi hufika likiwa laini na lenye maji, kwa sababu huvuta unyevu hewani na aliyelifunga hataki livunjike njiani, ilhali la mvuke huwa limekauka hadi linapukutika. Mtu huvipima vikiwa hivyo, huvitia katika chupa moja, hufunga na kuondoka akiamini vitasawazishana vyenyewe. Vitasawazishana kweli, lakini siku zinazopita kabla ya hapo zinatosha kuvu kuota katika vile vipande vyenye maji, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei, ambapo hata chumvi ya jikoni hushikana. Kwa hiyo tandaza jani lenye maji juu ya karatasi nyeupe isiyo na wino, ndani ya nyumba, mbali na jua na mbali na jiko, uligeuze mara kwa mara. Lile kavu liweke katika bakuli pana, ufunike bakuli kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha kukamuliwa barabara. Kitambaa kisiguse tumbaku, na usiku mmoja kwa kawaida unatosha. Usinyunyize maji moja kwa moja kwa mkono, kwa maana matone hutua sehemu moja na hapo ndipo ukungu huanzia. Kupima ni hivi: chukua kiasi cha vidole vitatu, kibane kwa nguvu, kisha ukiachie. Kikivunjika na kutoa sauti, bado ni kikavu. Kikibaki donge, kina maji mengi. Kikifunguka polepole bila kuvunjika, endelea. Vaa glavu unaposhika jani bichi au lililolowa, kwa sababu nikotini hupita katika ngozi, na yote haya yafanyike mahali ambapo mtoto hafiki.

Usiweke kipande cha tufaha, ganda la chungwa wala kiazi katika chupa ili kuongeza unyevu. Nimelisema hapa na najua bado litaulizwa.

Hatua ya tano. Sasa pima. Kwa mchanganyiko wa kwanza tengeneza gramu 20 tu: 19 za mvuke na 1 ya moshi, ambayo ni asilimia 5. Tengeneza chupa ya pili yenye gramu 18 kwa 2, na ya tatu yenye 17 kwa 3. Sioni sababu ya mtu wa kawaida kuvuka asilimia 15. Zaidi ya hapo jani la mvuke hupotea kabisa, na huo si mchanganyiko tena. Utamu utoke kwenye mvuke, moshi ukae nyuma yake.

Hatua ya sita. Changanya kwa vidole katika bakuli pana, ukinyanyua na kuachia, bila kusugua.

Hatua ya saba. Chupa iwe ya kioo, iliyochemshwa na kukauka kabisa hadi ndani ya mfuniko. Jaza bila kushindilia, funga, andika tarehe na vipimo, uiweke kabatini gizani kwa wiki mbili angalau, na nne ni bora zaidi. Siku za mwanzo moshi hutawala na mchanganyiko hunuka bani. Baadaye harufu hutulia na kuingia katika jani la mvuke. Anayevuta siku ileile hajaonja alichokitengeneza.

Hatua ya nane. Vuta baada ya kula, polepole, katika kiko kimoja ulichokitenga kwa kazi hii, kwa sababu mti hushika harufu ya moshi na haitoki upesi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Sakina: Asante kwa somo. Sasa niweke kiasi gani cha tumbaku ya moshi?

Jibu: Hatua ya tano, ndugu yangu.

Mwanachama wa Tengeru: Shikamoo mwalimu. Nimeelewa habari ya kuvu, lakini umesema tusawazishe unyevu kabla ya kupima. Kama kuvu ndiyo hofu pekee, kwa nini tusipime kwanza halafu tukasawazisha?

Jibu: Marahaba. Swali lako ni zuri na nilipaswa kulieleza juu. Mizani hupima jani pamoja na maji yake. Chukulia jani la moshi lina maji asilimia 25 na la mvuke lina asilimia 12. Ukipima gramu 10 za moshi, jani lenyewe ni gramu 7.5, ukipima gramu 90 za mvuke, jani ni gramu 79.2. Unadhani umeweka asilimia 10, kumbe umeweka kama 8.7. Likiwa kinyume chake, moshi mkavu wenye maji asilimia 8 na mvuke laini wenye asilimia 20, gramu zilezile zinakupa zaidi ya asilimia 11. Tofauti hiyo ulimi unaitambua, na ndiyo sababu watu hulalamika kwamba chupa ya pili haifanani na ya kwanza ilhali wamefuata vipimo vilevile.

Mwanachama wa Njiro: Babu yangu alikuwa akiweka ganda la chungwa katika tumbaku na hakuna kilichoharibika. Naona unatutisha bure.

Jibu: Sijui babu alikaa na tumbaku yake muda gani kabla ya kuimaliza. Ganda lina maji na sukari, na chupa imefungwa kwa wiki nne. Ukitaka unyevu, tumia kitambaa. Ukitaka harufu ya chungwa, hili si somo lake.

Mwanachama wa Kijenge: Nimejaribu nusu kwa nusu. Nimepata kizunguzungu, jasho na kichefuchefu, na kinywa kimewaka. Hili somo halifai.

Jibu: Nusu kwa nusu haimo katika somo hili popote. Nimeandika asilimia 5, nikaweka mpaka wa 15. Hiyo ni nikotini iliyokuzidi: acha kiko, keti mahali penye hewa, kunywa maji, kula kitu kitamu kidogo, hali isipotulia au ukitapika mfululizo, nenda hospitali. Na kwa wengine wanaosoma, jueni kwamba moshi wa tumbaku hii huelekea upande wa alkali, jambo linalofanya nikotini ipenye kinywani kwa urahisi hata kama humezi moshi. Ya mvuke ina sukari nyingi na moshi wake huelekea upande wa asidi, ndiyo maana mtu anaweza kuivuta kwa muda mrefu. Ila akivuta kwa pupa ulimi huungua.

Mwanachama wa Moshi, Shanty Town: Chupa yangu ya asilimia 10 ina wiki tano. Juu ya majani nimeona vitu vyeupe. Sijaifungua. Nimesoma mahali kwamba sukari huweza kutoka katika jani. Nitatofautishaje?

Jibu: Umefanya vyema kutoifungua. Mulika kwa tochi ya simu ukiwa umeegemeza chupa ubavu. Sukari huonekana kama chembe ndogo zinazometa, zimeshikamana na uso wa jani lenyewe. Kuvu haimeti, ina nywele laini, na mara nyingi hutanda kutoka kipande kimoja hadi kingine, hata kwenye kioo. Sukari huonekana zaidi katika Virginia iliyokaa muda mrefu na kushindiliwa, kwa hiyo kwa wiki tano mimi ningeshuku kuvu. Ukiona nywele, tupa yote pamoja na ile inayoonekana nzima, na usiinuse. Huko kwenu ni chini kuliko Arusha na kuna joto zaidi, kwa hiyo weka chupa zako sakafuni mwa kabati, si rafu ya juu karibu na bati.

Mwanachama wa Sakina: Nani anauza hii ya Songea? Nitumie namba.

Jibu: Situmi namba ya mtu. Tumbaku nchini huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika chini ya usimamizi wa Bodi ya Tumbaku, na mkulima huwa amechukua pembejeo kwa mkopo akitarajia kulipa kwa zao hilohilo. Anayekwenda kununua mlangoni kwake usiku anamwingiza matatani. Nunua kwa mwenye leseni, udai risiti.

Mwanachama wa Usa River: Nina kiko cheupe cha zamani cha marehemu baba, kizito kidogo, chenye mabaka ya kahawia. Naambiwa ni cha jiwe la Sinya. Je, kinafaa kwa mchanganyiko huu au nitakiharibu?

Jibu: Kinafaa sana, na ukitunze. Sinya iko Longido, karibu na mpaka wa Kenya upande wa Amboseli. Madini yale huitwa sepiolaiti, na viko vyake vilitengenezwa hapa Arusha karne iliyopita na kuuzwa hadi nje. Jiwe halishiki harufu kama mti wa briari unavyoshika, kwa hiyo unaweza kuvuta tumbaku ya moshi leo na ya mvuke tupu kesho. Usikioshe kwa maji, kwani jiwe likilowa hulainika na kukwaruzika. Pangusa ndani kwa karatasi kavu kikiwa kimepoa. Masizi yasiachwe yakawa mazito, kwa maana hutanuka kwa joto na kulipasua. Chunguza pia kama ndani ni jiwe na nje ni mti, kwa kuwa vilikuwepo vya namna hiyo.

Mwanachama wa Kijenge: Nimepoa sasa, samahani kwa ukali. Mimi kiko changu ni kimoja tu cha mti. Nitafanyaje nisikiharibu?

Jibu: Hakuna neno. Tafuta cha gunzi la mahindi kwa ajili ya majaribio. Ni cha bei nafuu, kinavuta vizuri, na kikichoka unakitupa bila uchungu. Chupa nazo usiziweke kabati moja na kahawa au majani ya chai, labda kama wageni wako wanapenda chai ya bani.

Mwanachama wa Tengeru: Mwalimu, la mwisho. Nimeletewa Latakia kidogo kutoka nje. Inaweza kukaa pamoja na ya moshi, au zinagombana?

Jibu: Zinakaa pamoja, mradi moja iwe kubwa na nyingine iwe ndogo. Latakia peke yake hubeba asilimia 20 hadi 30 bila shida, na wapo wanaopanda zaidi, lakini mwili wake, yaani uzito wa moshi wake kinywani, ni mwepesi; hapo ndipo kidogo cha moshi husaidia kuupa uzito. Kwa gramu 20 weka 14 za mvuke, 5 za Latakia na 1 ya moshi. Latakia nyingi huuzwa ikiwa imekatwa tayari na ina unyevu, kwa hiyo itandaze nayo kama hatua ya nne inavyosema, na chupa hiyo ipe wiki nne kamili.